Wifi Amevunja Ungo

Tone la jasho lilimdondoka Mama Mvuke kidevuni, likatua katikati ya kitambaa cheupe cha meza alichokuwa ndiyo kwanza amemaliza kukipiga pasi. Akalifuta haraka kwa kiganja. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana kiganja nacho kilikuwa kimelowa, na pale palipokuwa na nukta pakawa na ramani. Akasimama anaitazama, pasi mkononi, mvuke unampiga usoni.

"Na hicho nacho?" msimamizi akauliza kutoka mlangoni.

Msimamizi wa dobi alikuwa msichana ambaye Mama Mvuke angeweza kumzaa, kalamu sikioni, na mwendo wa mtu ambaye magoti bado hayajaanza kumsema. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa na vitambaa mia vya harusi ya kesho na mteja asiyejua neno samahani.

"Ni joto la humu ndani, mwanangu."

"Mbona wenzako hawalowi hivyo? Mama, jana umevua kilemba ukajipepea nacho mbele ya mteja. Juzi umemfokea kijana wa mashine mpaka akalia, kisa hanga ya kutundikia nguo. Sasa watu wanaulizana kama una homa, kama una kifua, mimi nitajibu nini?" Akapunguza sauti, lakini si sana. "Nenda kapimwe. Ukileta cheti kwamba huna ugonjwa, utarudi kwenye pasi. Kwa sasa kaa kule nyuma upange soksi."

Soksi! Mwanamke aliyepiga pasi gauni la bibi harusi mpaka likasimama lenyewe bila mtu ndani, leo anatafutia soksi wenzao. Lile jina la Mama Mvuke alipewa kwa heshima, kwa jinsi alivyoitawala ile pasi kubwa. Siku hizi wenzake walilitamka huku wakitazama shingo yake inavyotiririka, na kicheko kilikuwa pale pale, nyuma ya meno. Akaenda kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika soksi ya kwanza. Machozi yalimjia, akayarudisha yalikotoka.

Alijiambia kilichokuwa kinamsumbua ni kitu kimoja tu: uzee umebisha hodi. Miezi sita hakuwa ameona siku zake. Basi, amekoma. Ana miaka arobaini na minane, na duka limefungwa.

*

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili. Cha ndani alilala mumewe mchana kutwa, maana alikuwa mlinzi wa ghala na kazi yake ilikuwa ya usiku. Cha nje ndicho kilikuwa sebule, jiko la siku za mvua, darasa la binti yao wa sekondari, na chumba cha Wifi.

Huyu Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, mjane wa miaka hamsini na sita, aliyefika hapo kupumzika kidogo baada ya msiba. Mapumziko yakamea mizizi. Miaka minne sasa godoro lake lilikuwa limetandikwa chini ya dirisha, halikunjwi, na binti alisomea magotini kwa kukosa mahali pa kuweka meza. Mlinzi hakuweza kusema neno. Dada huyo ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mtoto, na alikuwa anamkumbusha.

Jioni ile Wifi alikuwa amekaa juu ya godoro, kioo mkononi, anasuka nywele za mbele. Alipomwona Mama Mvuke akashusha sauti.

"Wifi, funga mlango. Njoo nikupe siri." Akamvuta mkono. "Nimevunja ungo."

"Umevunja nini?"

"Ungo! Mara ya pili!" Akaziba mdomo, mabega yanacheza kwa kicheko. "Nimeona siku zangu. Wiki iliyopita kidogo, na leo tena. Mimi, niliyeaga hayo mambo tangu marehemu yuko hai. Mwenyewe nimeshangaa, nikasema, kumbe bado nimo!"

Mama Mvuke alikaa chini. Miguu ilikuwa inamwaka. "Haiumi?"

"Wala. Sasa wewe si ndiye unayejua hayo ya kuja na kuondoka? Ni kawaida, au vipi?"

Na Mama Mvuke, ambaye mwaka mzima uliopita mambo yake yalikuwa yanakuja kama mgeni asiyetoa taarifa, akajibu kama alivyojua. "Ni kawaida, wifi. Mimi kuna wakati ilikuwa kimya miezi mitatu, halafu mafuriko. Usijali."

"Basi Mungu ana makusudi yake." Wifi akakitazama kioo tena, akageuza shavu huku na huku. "Yule bwana anasema harusi mwisho wa mwezi. Na unakumbuka alivyosema siku ile, kwamba yeye anatafuta mwanamke, hatafuti bibi. Mwenzio nimelala na hilo neno moyoni tangu siku hiyo. Sasa naingia kwake kifua mbele."

Yule bwana alikuwa seremala wa mtaa wa pili, mgane, mtu wa maneno machache na vumbi la mbao kwenye nyusi. Kitanda cha maharusi alikuwa anakichonga mwenyewe. Wifi alikuwa amekwenda kukiona, akarudi anaeleza urefu wake kwa mikono.

"Pole lakini, wifi yangu," akamalizia, akimpapasa Mama Mvuke goti. "Wewe mdogo unafunga duka, mimi mkubwa nafungua. Dunia haina adabu."

Mama Mvuke akacheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Kisha akaenda kuosha vyombo, na kila sahani aliyoiosha aliigonga. Alikuwa na wivu, tuseme ukweli. Alikuwa na wivu kwa mwanamke wa miaka hamsini na sita kwa sababu ya madoa.

*

Kwenye zahanati foleni ilizunguka jengo. Nesi alipomfikia alikuwa amechoka hadi kope, lakini aliuliza kama mtu anayesubiri jibu.

"Mara ya mwisho kuona siku zako lini?"

"Tangu shule zilipofunguliwa. Nimekoma, nesi. Nataka tu dawa ya hili joto, na cheti cha kazini kwamba siambukizi mtu."

"Nani kakuambia umekoma?"

"Si najiona mwenyewe?"

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, hujakoma. Uko njiani kuelekea kukoma. Hivyo ni vitu viwili, na watu wanavichanganya kila siku. Huko njiani ndiko kwenye vurugu. Siku zinaruka, zinarudi, zinajaa, zinapungua. Joto, jasho, usingizi unakimbia, hasira za bure. Njia yenyewe inaweza kuwa ya miaka. Kukoma ni pale unapopitisha miezi kumi na miwili mfululizo bila kuona kitu. Ikija mwezi wa kumi na moja, unahesabu upya."

"Kwa hiyo mimi bado?"

"Bado. Na mimba bado unaweza kushika, kwa hiyo kama wewe na mzee mmeacha kujikinga, mjue mnacheza na moto."

"Mzee mwenyewe usiku analinda ghala, mchana analala kama gogo," Mama Mvuke akasema. "Hiyo mimba itapitia dirishani?"

Wakacheka wote wawili, na mama mmoja nyuma ya pazia akacheka nao. Nesi alimpima presha, akamwambia habari ya maji baridi, nguo nyepesi, na kwamba zipo dawa ikizidi. Akamwandikia cheti. Mama Mvuke alikuwa ameshasimama, kichwa chepesi, amefurahi kusikia kwamba kilichompata kina jina na wengine wanacho, nesi alipomwita.

"Na hili uwaambie wenzako. Mtu akishapitisha ule mwaka, amekoma, yamekwisha. Baada ya hapo akiona damu, hata tone, hata mara moja tu, hiyo si hedhi iliyorudi. Aje apimwe, asikae nayo. Mara nyingi inakuwa jambo dogo. Lakini mara nyingine ni saratani ya mji wa mimba, na ikiwahiwa inatibika."

Mama Mvuke alishika ukingo wa meza. "Hata kama haumwi popote?"

"Hata kama anacheza ngoma."

*

Angemwambia Wifi siku hiyo hiyo. Alitoka zahanati na maneno mdomoni, akatembea nayo hadi mlangoni, akamkuta Wifi anaimba.

"Cheti umepata?" Wifi akauliza. "Wamekupa dawa ya uzee?"

Basi, yale maneno yakarudi chini kama tonge kavu. Akajisemea, kesho. Kesho yake seremala alipita kusema kwamba kitanda kimebaki kupigwa msasa, na Mlinzi, aliyeamshwa kwa ajili ya mgeni, alicheka hadi fizi. Seremala alipoondoka, binti akachukua kamba ya kupimia nguo, akapima sakafu ya chini ya dirisha, kimya kimya, akaandika kipimo kwenye kiganja chake. Meza ingeenea pale. Hata na kiti kingeenea.

Mama Mvuke aliona ile kamba. Akajiambia, baada ya harusi. Harusi iko karibu, mtu akivumilia miaka minne hawezi kushindwa wiki mbili. Na nesi si alisema mara nyingi ni jambo dogo? Hilo alilishika kwa mikono miwili. Yale mengine aliyoyasema nesi aliyaacha kule kule zahanati, au alijaribu. Alirudi kwenye pasi, akafanya kazi vizuri, na usingizi aliokuwa hana akazidi kuukosa.

Siku zikaenda. Wifi akawa anapumzika zaidi mchana, anasema ni mawazo ya bibi harusi.

Jumamosi moja Mama Mvuke alimkuta uani, ameinama juu ya beseni, anasugua shuka. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye maji.

"Wifi, hili doa limenishinda. Nimelitia maji ya moto mara mbili, ndiyo kwanza linang'ang'ania."

"Maji ya moto yanapika damu, wifi. Inashika uzi. Damu ni maji baridi na chumvi." Ilikuwa ni kazi tu inayosema. Akaichukua ile shuka, akaitia kwenye beseni jingine, akaikunjua.

Miaka yote ile ya udobi ilikuwa imempitishia mikononi mashuka ya kila namna: ya hoteli, ya waliojifungua, ya wagonjwa. Doa lile halikufanana na yale anayoyajua ya mwezini. Lilikuwa jepesi, la maji maji, kama maji yaliyooshewa nyama, limesambaa mbali, na lilikuwa na harufu. Hakuwa daktari na hakujidai kuwa daktari. Lakini alisimama na ile shuka mikononi na akajua kwamba hata akiisuuza vipi, hataweza tena kusema hajaona.

"Wifi," akasema. "Hii si hedhi."

*

Kelele zilimwamsha Mlinzi, akatoka na kikoi, macho mekundu.

"Wivu!" Wifi alikuwa anapiga kelele katikati ya sebule. "Wivu tu! Tangu siku nimekwambia uso wako umekuwa kama ndimu! Umeona nimependeza, umeona naolewa, sasa unaniletea saratani! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea!"

"Nesi ndiye aliyesema. Mimi bado niko njiani, ndiyo maana yangu yanakuja na kuondoka. Wewe ulishafika, wifi. Ulishakoma miaka. Aliyekoma harudi. Akiona damu, akapimwe."

"Mwache dada aolewe jamani," Mlinzi akasema. Alikuwa anaomba. "Hospitali haihami. Ataenda baada ya harusi, kuna haraka gani?"

"Maneno yako ndiyo niliyokuwa nikijiambia mimi," Mama Mvuke akamjibu.

Jasho lilianza kumtoka, lile la ghafla, kifuani, shingoni, usoni, na hakulifuta.

"Wifi, ningekuwa na wivu peke yake ningenyamaza," akasema. "Na nilinyamaza. Siku ile ya cheti ndiyo niliyoambiwa. Nilikuja na maneno haya mpaka pale mlangoni, nikayameza. Unajua kwa nini? Nilitaka uondoke. Nilitaka hapo ulipolala. Mwanangu anaandika magotini miaka minne, na mimi sina pa kupitisha ndoo bila kukuruka. Nikasema, akaolewe kwanza, akishakuwa wa watu, na maradhi yatakuwa ya watu. Ndiyo roho niliyokuwa nayo. Nitukane, nastahili. Lakini hospitali twende."

Wifi akamtazama mdogo wake, na Mlinzi akaangalia vidole vyake vya miguu, na kwa kuangalia huko Wifi akajua kwamba hata yeye alikuwa anatamani ile sakafu. Akakaa juu ya godoro, polepole, akashika pembe zake mbili kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Kumbe nawabana hivyo," akasema.



Asubuhi ya Jumatatu alikuwa wa kwanza kuvaa. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba mapajani, nywele zimefungwa. "Mtu akitaka kukudanganya hukupaka mafuta," alimwambia Mama Mvuke bila kumtazama. "Wewe umejipaka matope mwenyewe. Ndiyo maana naenda. Usidhani nimekusamehe."

*

Zahanati iliwatuma hospitali kubwa, hospitali kubwa ikawatuma kwenye mabenchi. Mama Mvuke aliomba ruhusa dobi, akapewa kwa kununiwa. Wifi alipigwa picha ya tumbo, akachukuliwa kipande cha nyama ya mji wa mimba kikapelekwa maabara, na alipotoka humo alitembea akishika ukuta. "Wamenichokonoa kama samaki," akasema. Mama Mvuke akampa bega.

Jibu lilipokuja, daktari alilisema taratibu. Ni saratani, ndiyo. Inaonekana bado haijatoka nje ya mji wa mimba. Wautoe wote, haraka, halafu wataona kama kuna kingine cha kufanya. Wangekaa nayo zaidi, alisema, maneno yangekuwa mengine.

Wifi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu, kama kabla ya upasuaji angeruhusiwa kwenda kumwambia mtu jambo.

Alikwenda mwenyewe karakana kwa seremala, Mama Mvuke akambakia nje penye marundo ya vumbi la mbao. Hakutaka kusikia lakini alisikia. "Mimi ni bibi," Wifi alisema. "Nilikoma zamani. Ile damu niliyokuringia ilikuwa maradhi. Wanautoa mji wa mimba, na sijui nitarudi vipi. Kwa hiyo uko huru, hicho kitanda muuzie mwingine." Randa ya seremala ilikuwa imesimama. Wifi akatoka na macho makavu, wakaondoka, na huko nyuma randa haikuanza tena.

Siku ambazo Wifi alilazwa kwa upasuaji, Mlinzi alikunja godoro akaliegemeza ukutani. Binti akaleta meza ya kuazima, ikaenea vile vile kama kipimo. Usiku ule hakusoma. Alikaa mezani, mikono mapajani, mwishowe akasema, "Mama, hapa kuna ubaridi." Na Mama Mvuke, aliyeitamani ile sakafu miaka minne, akajikuta anapozunguka chumba anapanua hatua ili aruke mtu ambaye hayupo. Akalia siku hiyo. Aliyaachia yote, ya soksi na ya shuka.

Seremala alifika wodini siku ya tatu, kofia mkononi. Alisimama mguuni pa kitanda muda mrefu, akichunguza maungio yake, kwa kuwa kumtazama mgonjwa hakuweza.

"Kile kitanda," akasema hatimaye, "nimekata miguu. Kilikuwa juu mno. Wanasema mtu mwenye mshono hatakiwi kupanda."

Wifi akageuzia uso ukutani. "Umekata sana?"

"Shubiri moja."

"Umeniharibia kitanda," Wifi akasema.

*

Wifi aliruhusiwa kurudi nyumbani kwanza apone kidonda. Harusi ikasogezwa, hakuna aliyeweka tarehe. Mama Mvuke alitoa meza mwenyewe, akalitandika godoro pale pale chini ya dirisha, akalivika shuka aliyoipiga pasi mpaka ikawa kama karatasi. Binti akarudi kuandika magotini, na safari hii alijisogeza mwenyewe kando ya shangazi yake.

Wifi hakuwa mwepesi. Aliitikia salamu, alipokea uji, alisema ahsante. Mengine aliyaweka. Mama Mvuke hakumsukuma. Alijua doa la muda mrefu linavyotoka, linatoka kwa kurowekwa, na hata hivyo si lote.

Jumapili moja alikuwa uani, amejikunja juu ya beseni la maji baridi, Wifi akatoka akikokota miguu, mkono tumboni, akakaa kizingitini.

"Unafua nini mapema hivi?"

"Vya kwangu. Imekuja alfajiri." Mama Mvuke akajifuta paji la uso kwa mkono wa juu. "Baada ya miezi yote hiyo. Nilishaanza kujiona nimefika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nahesabu upya."

Wifi akacheka kidogo, akaacha kwa sababu mshono ulimvuta. Akakaa akitazama yale maji yanavyobadilika rangi.

"Hesabu vizuri," akasema. "Siku utakayotimiza mwaka uniambie, nipo. Na ikikurudia baada ya hapo uniambie siku hiyo hiyo, umesikia wifi? Usisubiri kwanza nihame."

Mama Mvuke akainamisha kichwa juu ya beseni. "Nimesikia," akasema, akaendelea kusuuza.